Waipa Iliyoliepa Jina

Twaha alikuwa amechoka, na msidhani nasema uchovu wa mtu aliyelima asubuhi moja akaanza kuulizia uji. Huyu alichoka mpaka kope. Tangu kaka yake Houssein azikwe, yeye ndiye aliyekuwa akiendesha taksi ya marehemu kati ya Gitega na Muyinga. Yeye ndiye aliyekuwa akisinzia kwenye foleni ya mafuta, paji la uso juu ya usukani. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka mchele na mkaa nyumbani Magarama, kwa mjane Hidaya na mtoto wake Raissa. Mwenyewe hajaoa. Wakimwuliza ataoa lini, anajibu, "Acha nilale kwanza."

Na juu ya yote hayo, waipa ya nyuma.

Waipa ile ilikuwa na tabia yake. Ukiiwasha inapanda vizuri, inafuta katikati ya kioo, halafu ikikaribia kona ya chini ya mkono wa kulia inajinyanyua na kupita hewani, kama mtu anayeruka dimbwi asichafue viatu. Pale konani tope linabaki vilevile. Na mvua ikikukuta upande wa Karuzi, nyuma yako tope, mbele yako lori linakutemea jingine, utajua mwenyewe.

Kwenye kona hiyohiyo ndipo palipoandikwa jina. BABA RAISSA, kwa rangi ya njano, herufi nene. Houssein na Hidaya walikaa miaka mingi bila mtoto, na watu walisema mpaka midomo ikawauma. Raissa alipozaliwa, Houssein hakungoja hata chai. Alikwenda moja kwa moja kwa mchoraji wa vibao, akageuza gari na kumwambia, "Andika hapa, kubwa, na wenye macho wasome." Tangu siku hiyo hata askari wa vizuizini walimwita kwa jina hilo. Sasa Houssein yuko chini ya udongo na jina lilikuwa bado linakwenda Muyinga na kurudi.

Twaha angeivumilia waipa hiyo maisha yake yote, maana alivumilia mengi, lau si asubuhi moja mwanzoni mwa mvua hizi.

Alikuwa akitoa gari uani kinyumenyume, mvua inapiga mabati hata husikii sauti yako. Akawasha waipa, akatazama kioo kidogo cha juu ya usukani. Konani tope tupu. Akajisemea hakuna kitu, akarudi nyuma. Mara akasikia kitu kinapasuka. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili na kushuka peku, roho imemruka.

Raissa alikuwa amesimama pale nyuma, maji yanamtiririka usoni. Bidoni ya maji aliyotoka nayo bombani, ambayo alikuwa ameitua kidogo apumzishe mikono, ilikuwa chini ya gurudumu, imekuwa chapati. Kati ya gurudumu na miguu ya mtoto ungeweza kuweka kiganja, basi.

"Sikuumia, baba mdogo," mtoto alisema kabla hajaulizwa. "Usimwambie Mama. Mama atalia tena."

Na Twaha, mtu mzima mwenye ndevu, akanyamaza! Hidaya akaambiwa bidoni iliteleza ikaangukia mtaroni na kupasuka. Akagomba kidogo, akaazima nyingine, yakaisha. Kwa Twaha hayakuisha. Kila alipofumba macho aliisikia bidoni ile, na kila alipoisikia alijua kwamba kidogo tu isingekuwa bidoni, ingekuwa mtoto. Kama alikuwa na usingizi kidogo wa kuazima, nao ukaondoka.

Ndipo alipoanza kuizungumzia waipa. Hidaya alikuwa mlangoni anakaanga sambusa za kuuza, kanga imefungwa kichwani.

"Shemeji, ile waipa ya nyuma naipeleka kwa fundi."

"Fundi wa nini? Iko inafuta."

"Inafuta nusu. Kona yote ya chini sioni kitu."

Hidaya aliacha kugeuza sambusa. "Kona ya jina, si ndiyo? Bon. Ikifuta pale itakula rangi. Mi sitaki. Houssein aliendesha nayo hivyo miaka yote, na hakugonga hata kuku. We ndo unashindwa?"

Jibu lilimfika Twaha mpaka kwenye ulimi.

"Acha ile kioo, Twaha," Hidaya alisema, na sasa sauti ilikuwa chini. "Nguo zake nimegawa. Simu yake ilikufa na sauti yake ndani. Hata watu walishaacha kumtaja. Yeye iko pale tu. Pale peke yake."

Sasa hapo mtu atasema nini? Aseme, shemeji, nimeponea chupuchupu kumwua mwanao? Amwambie hivyo mama aliyekwisha kuzika mume, wakati mafuta yanachemka mbele yake? Twaha alichukua ufunguo, akaenda kupakia abiria.

Mvua iliwafuata tangu Karuzi mpaka Muyinga. Abiria walikuwa watu wa kuendelea mpakani Kobero na mabegi yao, wana haraka, wanalalamika. Aliposimama stendi na kutaka kurudi nyuma kidogo ajipange, mkono wake ulikataa kuingiza gia. Nawaambieni, ulikataa. Alishuka, akazunguka gari na kukagua nyuma kwa macho yake, akapanda, akawaza kwamba huenda kuna mtu amepita wakati ule alipokuwa akipanda, akashuka tena. Abiria mmoja akamwuliza kama amepoteza pesa. Twaha akaona kwamba maisha ya namna hii hayaendesheki. Abiria walipotawanyika, akaenda kwa fundi Nazario, mwenye garaji ya turubai nyuma ya soko.

Nazario hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliupapasa mkono wa waipa kwa vidole, akauinamia, kisha akacheka puani.

"Esuiglasi hii, waipa hii, haijaharibika. Ilipindwa. Ona hapa, meno ya plaizi haya. Mtu aliishika kwa nguvu, akaipinda ili mpira usiguse pale chini."

"Nani apinde waipa ya gari lake?"

Nazario alitazama tu zile herufi za njano, na Twaha naye akazitazama, na ikamwingia. Kaka yake ndiye. Houssein aliona mpira unaanza kula jina, akaenda kuchukua plaizi. Kwa miaka yote ile alirudi nyuma akiwa haoni kona, ili lisifutike jina la mtoto. Bahati ilimbeba yeye. Hasira ilimpanda Twaha, hasira ya kweli, akatamani kumgombeza kaka yake pale pale, amwambie kaka, umelilinda jina ukamwacha mwenye jina nyuma ya gurudumu! Lakini marehemu hagombezwi. Akabaki anatikisa kichwa.

"Inyooshe," alisema.

Nazario aliuzungushia mkono ule kitambaa, akaushika kwa plaizi mbili na kuurudisha taratibu, anapinda kidogo, anapima, anapinda tena. Akafunga mpira mpya, akamwaga kopo la maji kiooni na kumwambia Twaha awashe. Waipa ilishuka sawasawa mpaka kona, na ilipofika kwenye herufi ikaanza kulia krr, krr, krr.

"Rangi iko nene," alisema Nazario. "Mpira utarukaruka hapo, utachanika kabla hujafika Karuzi, na tope itabaki ileile. Rangi itoke."

"Itoe basi."

"Mimi?" Nazario alirudi hatua nyuma. "Mi natoa kutu. Jina ya mtu, hapana. We ndo ndugu."

Akampa wembe na kitambaa chenye mafuta ya taa.

Twaha alianza na A ya mwisho, akidhani akienda kinyume hatalisoma. Kazi bure, alilisoma. Rangi ilitoka vipande vidogo vikavu vinavyonata kwenye vidole, na kila alipovipangusa kwenye suruali vilihamia kwenye suruali. Jina la mtoto liliisha. Ikabaki BABA peke yake kwenye kioo, na hapo akausimamisha wembe. Alimkumbuka Houssein akirudi kutoka kwa mchoraji wa vibao, anamwita kila anayepita aje kutazama, meno yote nje. "Nisamehe, kaka," alisema kwa sauti, na akalia. Ndiyo, alilia. Nazario aligeuka na kujitia kutafuta spana mpaka kelele za wembe zilipokwisha.

Safari ya kurudi, waipa ilifuta kioo chote. Twaha aliona baiskeli nyuma yake, aliona mama mwenye mwavuli, aliona barabara nzima. Hakufurahi. Alichokuwa nacho ni ule uchovu wake, pamoja na harufu ya mafuta ya taa.

Aliingia Magarama kabla ya magharibi, mvua imekatika. Alizima gari uani, akavuta breki ya mkono, akatia ufunguo mfukoni. Hidaya alikuwa anatoka na beseni. Alipita nyuma ya gari, akasimama. Beseni likashuka taratibu mpaka chini.

"Umemfuta," alisema.

"Shemeji..."

"Umemfuta! Tangu mazishi nakuheshimu kama ndugu yangu wa tumbo moja. Nilikuomba kitu moja. Moja tu, Twaha! Leo umemzika mara ya pili, na hukuniita hata nije nimwone."

Twaha alikuwa amepanga maneno yote tangu Muyinga, lakini alikuwa amechoka mno hata kujitetea. Akainamisha kichwa na kupokea.

Raissa alikuwa amekaa kizingitini, anasikiliza. Aliinuka, akaenda mpaka nyuma ya gari, akarudi hatua chache na kusimama.

"Mama, ingia ukae pa Baba."

"Toka, Raissa. Sina mchezo mimi."

"Si mchezo. Ingia tu, Mama."

Hidaya hakuwahi hata siku moja kukaa kwenye kiti kile, tangu enzi za mumewe. Leo alifungua mlango, akakaa, machozi yanamwagika tu.

"Tazama kwa kile kioo kidogo cha juu," mtoto aliita. "Unaniona?"

"Nakuona. Kuna nini?"

"Vizuri?"

"Nakuona vizuri, kichwa na mabega. Raissa, unataka nini?"

"Siku ile ya bidoni nilisimama hapa hapa. Bidoni haikuteleza, Mama. Gari iliipanda. Baba mdogo aliangalia hivyo unavyoangalia, na hakuniona. Kulikuwa na jina na tope."

Hidaya hakugeuka. Macho yake yalibaki kwenye kile kioo kidogo, mkono mmoja umeshika usukani, na Twaha aliona vidole vile vinakaza mpaka vikapauka. Gari lilikuwa limezimwa. Breki ilikuwa imevutwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Twaha. Hidaya akakandamiza miguu yote miwili chini, akitafuta kitu cha kukanyaga, na kupiga kelele iliyowatoa majirani nje:

"Toka hapo! Raissa! Toka hapo nyuma, mwanangu, toka!"