Vijiti vya Gyuseok

Mimi si mtumishi wa mtu. Lakini muhula mzima, kwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta nyuma ya chuo chetu hapa Daegu, ndiyo kazi niliyopewa. Wavulana watano wa timu ya idara wanacheza, tambi za moto zinaletwa mpaka mezani, nami wa mwaka wa kwanza nachota maji na kugawa vijiti vya kulia. Mdogo ndiye anayehudumia, basi. Kwa kucheza nawashinda wote, tena wanajua.

Siku ya fainali Minhwan, mmoja wao, akaendeshwa na tumbo, akakimbilia chooni. Wiki nzima alikuwa akila tambi na kunywa soda mbele ya kioo cha kompyuta. Tumbo lingemvumilia mpaka lini? Nikaketi kwenye kiti chake kabla mtu hajanizuia.

Tukaongoza. Niliangusha maadui watatu peke yangu. Likiwa limebaki pambano moja la mwisho, tambi za nahodha wetu, Gyuseok wa mwaka wa nne, zikafika.

"Dajeong, vijiti."

"Kaka, tuko vitani!"

"Na maji baridi. Haraka."

"Mikono yangu ina kazi. Ya kwako imekatika?"

Ukumbi mzima ukacheka. Gyuseok akawa mwekundu kama pilipili. Akaondoa vidole kwenye kibodi, akakunja mikono.

"Sichezi mpaka mdogo ashike adabu. Usipoinuka sasa, kiti hicho hukikalii tena."

Kiti kile nilikitaka kuliko hata shahada. Wenzangu wakanikodolea macho: inuka, Dajeong, yaishe. Wallahi sikuinuka. Tukapigana wanne kwa watano, tukachapwa vibaya, na fainali ikatuponyoka.

"Umeona?" akafoka. "Umetuponza kwa kiburi chako!"

"Aliyekunja mikono nani, kaka? Mimi?"

 Minhwan, aliyerudi ameshika tumbo, akatazama chini.

Ndipo nikainuka, nikaenda kaunta, nikachukua vijiti. Gyuseok akanyoosha mkono kuvipokea, anatabasamu. Nikampita. Nikaketi kwenye kiti kile kile, sasa changu, nikavuta bakuli lake. Kwetu mdogo hagusi chakula kabla mkubwa hajaanza. Nikaanza. Tambi zilikuwa zimepoa na kulainika, na sijawahi kula tamu kama zile.

"Kesho mazoezi saa kumi, kaka," nikamwambia, mdomo umejaa. "Ukiwahi kufika, niletee maji."