Bundi wa Dari ya Bi Mejumaa

Bi Mejumaa wa Bondeni aliwaita wapenda ndege wa mtaani kwake kwa jambo moja tu: wamtoe bundi darini. Bundi akilia, mtu hufa. Hilo alilijua tangu utotoni, wala hakutaka ubishi.

Kadzo, kiongozi wao, alipanda ngazi na tochi. Mara akapiga ukelele wa furaha. "Bi Mejumaa, njoo uone!"

"Nije nione nini?" alifoka, lakini alikaza leso kiunoni akapanda.

Makinda watatu, weupe kama pamba, nyuso zao kama kopa ya karata, walimkodolea macho huku wakiyumba. Mbele yao, lo! alilala, amekufa, panya aliyekuwa akimmalizia Bi Mejumaa mchele wake.

"Subhanallah!" alisema Bi Mejumaa. "Wazuri hawa!"

Ndipo Zoeb, jirani mwenye duka hapo chini, alipoingia na mti wa ufagio. "Yuko wapi nimtoe?"

Bi Mejumaa alishuka mbio kama kigoli, akamzibia njia.

"Wajua bundi akilia mtu hufa?"

"Najua."

"Basi mguse huyu, uone atakayekufa ni nani!"