Mlinzi wa Lundo la Ulezi

Kwa miaka mingi Nestory alilipwa mshahara Dar es Salaam kwa kazi moja tu: kusimama mbele ya vijiti vitatu na gongo bapa, azuie mpira usiviangushe. Shirika la umma lilimpa nyumba na nguo nyeupe pepe. Kisha likabinafsishwa. Mwekezaji akauliza vile vijiti vinazalisha nini, na Nestory akarudi kijijini kwao Msanzi na gongo lake.

Sasa alimtaka Edith. Edith naye alimtaka. Kikwazo kilikuwa mama mtu, Bertilla.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Hivyo vijiti vilikuwa vya nani?”

“Vya timu, mama. Kriketi.”

“Vikianguka, mvua hainyeshi?”

“Hapana. Unatoka tu nje.”

“Mtu mzima!” Bertilla akaguna. “Kesho tunapura ulezi. Njoo nikuone. Ukiniharibia, Edith umsahau.”

Nestory akapura kwa gongo lake mpaka lundo likawa kama kichuguu. Majirani walipoketi kando kunywa pombe ya kazi, Bertilla akamwachia alilinde. Moyo wake ukaruka: hii ndiyo fani yake! Akapinda magoti, akakaza macho mbele.

Fahali wa Mayunga, Msukuma aliyehamia bondeni, akaja kwa nyuma.

“Ng’ombe! Ng’ombe!” Watu wakaokota madongo, wakavurumisha.

Nestory hakuona ng’ombe. Aliona vitu vya duara vikimjia. Dongo la kwanza, pa! akalitupa kwenye maharage. La pili akalizima miguuni. Halikupita hata moja, na nyuma yake fahali akala ulezi kwa raha zake, kama chifu mwenye askari.

“Pisha, we mwendawazimu!” Bertilla alipiga yowe.

“Halipiti, mama!” Nestory akajibu kwa fahari.

Madongo yalipokoma, akageuka. Fahali alikuwa akiramba vumbi.

Mayunga akafika akihema, tayari kuomba radhi. Akamkagua fahali wake, hana hata mkwaruzo. Mwaka uliopita wanakijiji walimvunja pembe kwa madongo hapo hapo.

“Bwana, sijaona mchungaji kama wewe,” akamwambia Nestory. “Mchukue huyu, ukaanzie mahari.”

Bertilla akalitazama lile tumbo lililovimba. “Ulezi wangu wote umo humo!”

“Ndiyo maana, mama,” alisema Edith, kamba tayari mkononi. “Mpokee upesi, kabla hajaunya.”