Ndama wa Kumi na Saba

Mwaka 1953 ndigana, homa ya kupe, iliingia Kisongo ikaanza kumaliza ndama. Daktari wa mifugo, Mwingereza, akaleta dawa mpya ambayo hakuna aliyejua kama inafaa. Alikusanya ndama arobaini wa wenyeji, akawavisha hereni za bati zenye namba, kisha akapiga kura kwa vikaratasi: ishirini wadungwe dawa, ishirini maji ya chumvi. Wenye ndama wasijue nani kapata nini. Hata yeye mwenyewe hakutaka kujua, asije akaona kile anachotamani kuona. Daftari la siri alimkabidhi msaidizi wake, Nathanaeli.

"Bahati nayo huua, na huponya," alimwambia. "Kwa hiyo tunaweka sharti kabla ya kuanza. Tuseme dawa haina nguvu yoyote: tofauti tutakayoiona ingeweza kutokea kwa bahati tu mara ngapi? Ikizidi mara tano katika mia, sitaiomba serikali iilete."

Namba kumi na saba alikuwa ndama wa Simaloi, dada yake Nathanaeli, mjane mwenye watoto watatu. Kura ilimpa maji.

Wiki ya tatu ndama huyo alivimba tezi chini ya masikio, akaacha kunyonya. Simaloi akamfuata mdogo wake kwenye josho la kuogeshea ng'ombe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wangu alipata dawa au maji?"

"Siruhusiwi kusema."

"Akifa, mama yake atagoma kukamuliwa. Ndiye ng'ombe pekee niliyebaki naye. Watoto nitawapa nini?"

Nathanaeli akatazama chini.

"Ni maji," Simaloi alisema taratibu, akaketi pale pale kwenye vumbi.

Mchana ule daktari alikuwa mjini. Nathanaeli alijaza sindano dawa, akaenda kumdunga namba kumi na saba. Hakuandika kitu. Siku ya nne ndama alisimama, akanyonya.

Siku ya kufungua daftari ikafika. Waliopata dawa walikuwa wamekufa sita. Waliopata maji, kumi na watatu. Daktari alipiga hesabu mara mbili.

"Karibu mara sita katika mia," alisema. "Angekufa mmoja tu zaidi upande wa maji, tungetimiza sharti."

Nathanaeli akaeleza yote.

"Mwondoe huyo, bwana, upige hesabu upya. Wengine sikuwagusa, naapa."

"Nikimwondoa tutatimiza sharti, naona. Lakini nitajuaje kuhusu wale wengine? Na hao wa serikali nitakaowapelekea hesabu watajuaje?" Hakupaza sauti. Alilifunga daftari. "Tutarudia mwakani, na mtu mwingine."

Hadi masika, jirani yao Yoeli alikuwa amevuta mizoga tisa kutoka zizini. Kila alipokutana na Nathanaeli aliuliza dawa inakuja lini, na Nathanaeli, ambaye sasa alifanya vibarua vya kulima, alimjibu kwamba hajui.

Ukweli alimweleza Simaloi tu. Dada alikuwa akikamua, hakugeuka.

"Kwa hiyo ungemwacha afe?"

"Ndama wa watu wanakufa, dada. Dawa ingekuja, wangepona."

"Nimekuuliza wa kwangu."

Nathanaeli alisimama mlangoni mwa zizi hadi kibuyu kikajaa, akakipokea.