Masikio ya Mzee Mabati

Baada ya mazishi ya Mzee Mabati, wageni waliondoka wakabaki watatu sebuleni: mjane wake, binti yao wa pekee, na Grisi, mzee mwenye kikohozi aliyefanya kazi na marehemu kiwandani tangu ujana wao. Walikuwa wakisimulia habari za marehemu kama wafiwa wafanyavyo, mara kilio, mara kicheko.

Binti alikuwa akisimulia zile Jumapili za muziki. Tangu baba astaafu kiwanda cha mabati, kila Jumapili mchana alishusha zeze lake ukutani, akaketi kwenye kigoda, na majirani wakajaa hadi mlangoni. Binti ndiye aliyeimba: nyimbo za kulimia, za kutwangia, za kubembelezea watoto, zote alizozikusanya mzee ujanani kutoka kwa bibi wa kila rafiki yake. Mama aliketi nyuma ya mumewe, mkono begani.

"Hakuniacha njiani hata siku moja," binti alisema. "Nikipandisha sauti, yupo. Nikishusha, yupo. Baba alikuwa na sikio."

Grisi alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. "Sikio lipi tena, mwanangu? Kelele za ile mashine ya kukunjia bati mimi ziliniachia moja. Baba yako zilimkomba yote mawili, wewe hujaanza hata kusema."

Binti alimtazama akingoja mzaha uishe. Haukuisha. Akamgeukia mama yake, aliyekuwa akifuta meza isiyo na chembe ya uchafu.

"Mama?"

"Nilidhani shemeji anajua kufunga mdomo."

"Najua," Grisi alisema, akiweka kikombe chini. "Nilidhani mtoto ameshaambiwa."

Binti alitikisa kichwa. "Nilijua ni mzito kidogo wa kusikia, kama wazee wote. Lakini alikuwa ananijibu."

"Ukiwa mbele yake," mama alisema. "Alisoma midomo. Ukiita toka jikoni, nani alikuwa anaitika?"

Binti alifikiri. Ni mama. Siku zote ni mama: baba yako amejinyoosha, niambie mimi.

"Na zeze?"

"Vidole vilishalijua. Mapigo nilimgongea mimi begani. Ukipandisha, namminya. Ukishusha, nampapasa."

"Kwa hiyo sauti yangu…"

"Hakuwahi kuisikia."

Grisi aliinamia viatu vyake kama anavihesabu kamba. Binti alitaka kulia, machozi yakagoma. Alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alinikataza. Siku ile ulipotoka shule mbio kuja kumwimbia wimbo wako wa kwanza, aliniambia, huyu akijua atanyamaza. Mwache aimbe." Mama aliweka kitambaa chini. "Usiku aliniuliza sauti yako ikoje. Ningemwambia nini? Nikamwambia umechukua ya mama yake. Alifurahi mno, maana hiyo aliikumbuka."

"Ni kweli, nimechukua ya bibi?"

"Sijui, mwanangu," mama alisema. "Mama mkwe alifariki kabla sijaolewa."