Jumapili Isiyo na Upepo

Tangu Jumatano upepo wa Iowa, Marekani, ulikuwa haujapumzika, na Arlyn naye hakupumzika. Mara kumi kwa siku alipiga magoti kwenye soya na kupima mchicha-mwitu kwa rula ya mkewe ya kushonea. Inchi mbili. Inchi tatu. Gugu hilo likishapita inchi nne, dawa hulilevya tu, kisha likaamka. Na kupuliza dawa upepo ukivuma ni kumpelekea jirani sumu bustanini.

Shamba lilikuwa la Evert, mjomba wa mkewe na mzee wa kanisa, aliyempa Arlyn alilime mwaka huu kwa majaribio. Magugu yakimshinda, mwakani lingelimwa na mwingine.

Jumapili aliamka upepo umelala. Magugu yalikuwa inchi nne kasoro, na redio ilisema kesho kuna mvua na dhoruba.

"Usinitazame hivyo," mkewe Lavonne alisema, akifunga vifungo vya gauni la kanisani. "Hapa Jumapili hata nguo hazianikwi."

"Tumbo linaniuma."

"Upande wa shambani, siyo?"

Akaenda ibadani peke yake. Arlyn alingoja barabara iwe tupu, akapanda mashine ya kupulizia dawa. Siku za mwizi ni arobaini, ila zake hazikumaliza hata saa moja. Alikuwa amefika nusu ya shamba gari la Evert liliposimama. Mzee akashuka na suti yake, peremende ya kanisani bado shavuni. Arlyn akateremka.

"Nani kakwambia, mjomba?"

"Kiti chako kitupu na upepo umelala. Nani tena wa kuniambia?" Mzee aliinama, akang'oa gugu moja. "Jumanne hili lilikuwa na ukubwa gani?"

"Kama ukucha."

"Na upepo?"

"Haukuwepo."

"Sasa wewe ulikuwa wapi?"

"Nilingoja yaote yote, niyapige mara moja tu."

"Basi si upepo uliokuleta hapa leo, ni uvivu. Mungu kakupa siku sita, umezichezea, unakuja kumdokolea ya kwake. Zima mashine."

Arlyn alikuwa na jibu la Sabato tayari, lile la Injili, la ng'ombe aliyetumbukia kisimani akaopolewa siku hiyohiyo. La Jumanne hakuwa nalo. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, akazima.

Shamba hakunyang'anywa, ingawa siku nyingine alitamani anyang'anywe. Dhoruba ilipopita alipuliza nusu iliyobaki, magugu yakanyauka siku tatu, kisha yakachipua upya. Kufikia Julai upande mmoja soya ilikuwa safi, upande wa pili mchicha-mwitu umeipita kimo, na kati yao mstari ulionyooka, mbele ya barabara ya kwenda kanisani. Magari yalipunguza mwendo. Jumatatu hadi Jumamosi Arlyn aliyang'oa kwa mkono, akiipa barabara mgongo, na hakuna jirani aliyehitaji kumwuliza aliishia kupuliza safu ipi, wala siku gani.