Firauni wa Ijumaa

Mieleka ile ilikuwa ya kupangwa tangu mwanzo hadi mwisho, na mimi nimechoka kulisema hilo. Nimelisema Darajani, nimelisema barazani, nimelisema hata msibani, na watu hucheka wakaniita Firauni vilevile. Ndilo jina nililopewa katika “Ulingo wa Ijumaa”, kipindi cha kituo kidogo cha televisheni cha mtu binafsi, kituo ambacho kilishakufa zamani. Kila wiki nilimchezea rafu Badar, kijana mzuri wa Mpendae, na kila wiki Badar akanishinda, watu wakalala na furaha. Kwa nguvu nilimzidi. Lakini nani angekaa kumtazama Firauni akishinda?

Juzi juzi mtu asiye na kazi akatia mtandaoni kipande cha kanda ya zamani. Badar kanipa mgongo, nami nampiga kichwani kwa kiti cha mbao, damu inamwagika. Kiti kile nilikikata miguu nusunusu mwenyewe kwa msumeno mchana wake, kivunjike upesi, na damu ile ni juisi nyekundu ya rozela aliyoichemsha mke wangu Zeyana. Kipande kikaenda simu kwa simu mpaka kikafika kwa watu walioleta posa ya binti yangu Shaima, posa ambayo nilikwisha kuikubali. Na bahati yangu ilivyo mbovu, mchumba mwenyewe, Haitham, mjomba wake ni Badar.

Wakaja baada ya sala ya alasiri. Aliyetangulia ni Bwana Azzan, ami yake Haitham, na nyuma yake Badar na kanzu yake nyeupe, tumbo mbele. Azzan alizunguka sana. Alisifu nyumba, akasifu kahawa, akasifu adabu za binti. Mwisho akasema wazee wao wanaona taabu kuoa kwa mtu aliyempiga ndugu yao kwa nyuma mbele ya kaumu nzima, na hajapata kumtaka radhi. Nikimtaka radhi, harusi ipo. Nikikataa, posa wanaiondoa.

Nikaeleza. Msumeno, rozela, mazoezi ya kuanguka, yote nikayasema. Sauti ikawa inapanda, na kadiri ilivyopanda ndivyo nilivyozidi kufanana na yule Firauni wa kwenye simu. Azzan akanisikiliza kama anavyosikilizwa mgonjwa wa homa, kisha akamgeukia Badar, akamuuliza kama ni kweli.

Neno moja lingetosha. Lakini Badar ana ukumbi wa mazoezi Mpendae, picha ya ushindi wake imejaa ukuta mzima, na wazee humpelekea watoto wao kwa ajili ya picha ile. Akajigusa kisogo, mahali ambapo hapana hata kovu.

“Yashapita hayo,” akasema. “Mimi n'shasamehe zamani.”

Ati kanisamehe. Watu husema njia ya muongo fupi, lakini ya Badar mpaka leo haijafika mwisho. Hasira zilinipanda hadi masikioni. Nilitaka niwaonyeshe kiti kizima kikimpiga mtu huwa vipi, na ningewatoa wote nje kama si kuiona miguu ya Shaima chini ya pazia, imesimama tuli. Anampenda Haitham. Aliniambia mwenyewe, na Shaima si msemaji.

Badar akainuka, akaninyooshea mkono. Nikaupokea. Akanibana vidole mara mbili, taratibu, na hakuna aliyeona.

Ulingoni hiyo ndiyo ilikuwa ishara yetu: sasa anguka. Miaka yote ile, akinibana mara mbili, mimi huanguka. Sikupata hata siku moja kumchelewesha.

“Nisamehe, Badar,” nikasema, kwa sauti ya kufika hadi kwenye pazia. “Nilikukosea.”

Azzan akamshukuru Mungu, akaanza kuomba dua. Badar akanikumbatia, mdomo wake karibu na sikio langu, kama zamani alipokuwa akinilalia baada ya kunibwaga na watu wanapiga kelele. Akaniuliza lile swali lake la siku zote.

“Hujaumia?”

Siku zile nilimjibu sijaumia, hata ile Ijumaa aliyonivunja ubavu.

“Nimeumia,” nikamwambia.